Mtoto Aliyenyamaza Tumboni

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Siku hiyo niliicheka picha takatifu mbele ya mwenyewe, na kabla jua halijazama nilikuwa nimeshalia mpaka macho yamevimba. Nitakuambia ilivyokuwa. Nitakuambia polepole, kwa hiyo kaa vizuri na uweke hiyo simu pembeni. Kiswahili changu ni hiki cha mpakani. Anayeniandikia ni mke wa mjukuu wangu, aliyekulia Tanzania, na ananyoosha maneno pale anapoona yamepinda. Nikimwambia aache, anaacha.

Mimi ni mtu wa Bugeshi. Kwetu ni juu, kwenye baridi, chini ya milima, na huko mtu anazaliwa kwenye viazi na anazeekea kwenye viazi. Sikusoma sana. Nilijua kuandika jina langu, basi, nikatolewa shule kwa sababu wadogo zangu walihitaji mtu wa kuwabeba. Nilipoanza kuwa msichana mkubwa, mama alinileta hapa Gisenyi nifanye kazi kwa mama mmoja wa Kihindi aliyeuza vitambaa karibu na soko.

Mama huyo alikuwa mjane. Wahindi wenzake walikuwa wameshafunga maduka yao na kuhama, leo huyu, kesho yule, mpaka akabaki yeye na nyumba yenye vyumba vingi visivyolalwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, aitwaye Kirit, aliyekwenda Bujumbura kufungua duka lake. Midomo yetu ya huku ikaongeza kidogo mwishoni, akawa Kiriti. Na mama mtu, kama desturi yetu ilivyo, akaitwa Mama Kiriti. Mteja akiingia: Mama Kiriti, niuzie kitenge. Jirani akipita: Mama Kiriti, umelalaje? Kutwa nzima watu walimtajia mtoto asiyekuwapo.

Siku niliyofika nilikuwa na kapu la viazi kichwani, viazi vipya vyenye ngozi nyekundu, zawadi kutoka kwa mama. Mama Kiriti alipokea kwa mikono miwili, akashukuru vizuri sana, kisha akamwita mlinzi wa duka la jirani akampa kapu lote. Mbele yangu. Niliona amenidharau mimi na mama yangu na Bugeshi nzima. Jioni nilipokuwa nimenuna, akanieleza. Dini yao inaitwa Ujaini, na si Wahindi wote walioifuata. Hapa mjini alikuwa yeye tu. Hawali nyama wala yai. Hawali kinachochimbwa ardhini, kwa sababu ukikichimba unang'oa mmea wote na unaua vidudu vinavyoishi humo. Kitunguu hapana, karoti hapana, kiazi hapana. Na jua likishazama hawali tena kitu. Nilimuuliza kama huko kwao watu hawafi njaa. Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka, na hakucheka mara nyingi baada ya hapo.

Kwa sababu Kiriti alikuwa amenyamaza. Mwanzoni alituma salamu kwa madereva wa malori ya Bujumbura. Dereva anasimama mlangoni, anasema Kiriti anakusalimu, iko muzuri, na Mama Kiriti anampa chai yenye tangawizi kavu. Baadaye dereva mmoja akasema hajamwona siku nyingi. Mwingine akasema duka limefungwa. Kisha hawakusimama tena, wakawa wanapiga honi tu na kupita. Yeye aliendelea kukaa mlangoni saa ile malori yanapoingia, shali kichwani, mikono mapajani. Hakulia mbele yangu. Lakini chakula chake nilikuwa nakirudisha jikoni karibu kizima.

Sasa sikia. Siku moja alinituma Goma, ng'ambo ya mpaka, kununua choroko. Kuvuka siku zile kwetu sisi watu wa mpakani kulikuwa kuonyesha uso tu. Nikapita kwenye depo ya chumvi, nikaona mtu anashusha magunia, mwembamba, mgongo mweupe kwa chumvi. Nikasimama kama nimepigwa. Picha yake ilikuwa ukutani dukani, na mimi ndiye niliyeifuta vumbi kila asubuhi.

"We njo Kiriti?" nikamuuliza kama ndiye.

Akaangalia nyuma yangu kwanza, aone nimekuja na nani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna. Mi nafanya kazi kwa mama yako."

Akanivuta nyuma ya magunia. Alinieleza kwa haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa. Duka la Bujumbura lilikufa. Akarudi, lakini alipofika Goma miguu ikakataa kuvuka. Alikuwa pale tangu kiangazi. Jioni akitembea kando ya ziwa anaziona taa za Gisenyi, na anajua ipi iko upande wa kwao. Akaniomba nisiseme.

"Akiniona hivi ataumia," alisema. "Afazali afikiri niko mbali, niko muzuri. Nikisimama tena nitakuja mi mwenyewe. Mi namuonea huruma, njo maana nanyamaza. Na we umuonee huruma."

Nikaona ni maneno ya mtu mzima mwenye akili. Nikaahidi.

Nilirudi na choroko. Mama Kiriti akaniuliza, kama alivyoniuliza kila nilipotoka ng'ambo, watu wa Goma wanasema nini. Nikamjibu hakuna, Mama. Akatikisa kichwa, akarudi mlangoni kwake. Mimi nikaingia jikoni nikijiona nimefanya jambo zuri. Mwanangu, hakuna upweke kama ule wa kukaa nyumba moja na mtu, wewe unajua anachokililia na yeye hajui kama unajua. Tulikuwa wawili, na kila mmoja alikuwa peke yake.

Mvua zilipoanza, zikafika siku kubwa za dini yake. Ni siku nane za kufunga na kujisafisha roho. Mama Kiriti alikunywa maji yaliyochemshwa tu, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Katikati ya siku hizo husimuliwa kuzaliwa kwa mwalimu wao mkuu, Mahavira. Mchana wa siku hiyo alifunga duka, akaniambia ninawe mikono mpaka kwenye viwiko, nikae mkekani.

Alitoa furushi la hariri. Ndani mlikuwa na mbao mbili nyembamba, na katikati ya mbao kurasa ndefu, fupi kwenda juu, pana kwenda pembeni, zisizoshonwa. Zilitoka kwa mama yake, na kwa mama wa mama yake. Katikati ya kila ukurasa palikuwa na duara jekundu. Akasema zamani sana vitabu vyao vilikuwa vya majani ya mnazi-mwitu, na hapo ndipo uzi ulipopita. Uzi uliachwa, lakini waandishi hawakuacha kuchora mahali pake.

Akaniambia kwao India kitabu hiki kinatembezwa barabarani kwa ngoma. Watu wanajaa ukumbi, mtawa anasoma, na mtu anainua picha ili mpaka wale wa nyuma waone. Kusoma si kazi yake, alisema, ni ya watawa. Yeye anaweza kuonyesha na kusimulia tu. Lakini kuonyesha kunahitaji mtu.

"Hapa watu hawako," alisema. "Iko we."

"Lakini mi si wa dini yenu, Mama."

"Macho iko nayo?"

"Iko."

"Basi kaa."

Akakunja kitambaa akakishika mbele ya mdomo, mate yasiruke kwenye picha na pumzi yake isidhuru vidudu vya hewani, akaanza. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kama kile. Sisi tulijua picha za kanisani, watu weupe wenye nywele ndefu wanaoangalia juu. Hizi zilikuwa nyekundu kama udongo wa barabara ukinyeshewa, na bluu nzito, na dhahabu ya kweli iliyowaka ukiinamisha ukurasa. Watu walikuwa na pua kali na viuno vyembamba, wamegeuka pembeni wote, na hapo ndipo niliposhindwa kujizuia. Kila mtu aliyegeuka pembeni jicho lake la pili lilikuwa limetoka nje ya uso, limening'inia hewani peke yake. Nikacheka. Nikasema hawa wana macho ya chura, huyu mama akilala ni nani atalifunga lile la nje?

Ungetegemea anipige. Alingoja tu.

"Wazee walichora hivyo, na waliokuja nyuma wakafuata," akasema. "Cheka, maliza. Halafu uangalie."

Nikamaliza, nikaangalia. Akanionyesha malkia Trishala amelala kitandani, na juu yake ndoto zake zote kumi na nne zimepangwa kama vitu vya dukani: tembo, ng'ombe dume, simba, mwezi, jua, ziwa la maua, mpaka ya mwisho, moto usio na moshi. Nikamwambia moto wa hivyo haupo, aniulize mimi niliyezaliwa karibu na Nyiragongo, mlima unaotema moto. Akasema ndiyo maana ni ndoto. Zilimaanisha kwamba aliye tumboni ni mtu mkubwa.

Kisha akachukua ukurasa uliofuata, akaushika muda mrefu kabla ya kunigeuzia.

Ulikuwa na picha mbili, moja juu ya nyingine. Juu, malkia yuleyule amekaa, kichwa kimeinama, shavu limelala kwenye kiganja. Wajakazi wake wamesimama mikono mitupu. Akanisimulia. Mtoto akiwa tumboni alikuwa ameshakuwa na roho ya huruma kupita watu wote. Akawaza, nikigeuka, mama anaumia. Nikinyoosha mguu, anaumia. Wacha nitulie. Akatulia kabisa, hata kidole hakukitikisa. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Na mama, kule nje, akangoja achezewe tumboni kama siku zote. Akangoja. Akaweka mkono, hakuna. Akasema mtoto wangu amekufa. Nyumba nzima ya mfalme ikazima, ngoma zikaachwa, watu wakatembea kama kwenye matanga.

"Mutoto akasikia kilio," Mama Kiriti alisema nyuma ya kitambaa chake. "Akashangaa. Akasema, mi nilitaka kumufanyia muzuri, kumbe namuua. Akatikisika kidogo. Hivi tu." Akatikisa ncha ya kidole chake kidogo. "Basi mama akajua. Ona huku chini, anafurahi. Na mutoto akaapa humohumo tumboni. Wakati mama na baba yangu iko wazima, mi siwaache."

Mimi sikuona huko chini. Machozi yalikuwa yameshanijaa. Yeye akafikiri ni hadithi imenigusa, akanyoosha mkono anishike bega, na mkono ule ndio ulionivunja.

"Mama," nikasema, "Kiriti iko Goma."

Hakupiga kelele. Aliushusha ukurasa ule taratibu. Akazipanga kurasa zote kama zilivyokuwa, mmoja baada ya mwingine, akaweka ubao wa juu, akafunga hariri, fundo likamshinda mara ya kwanza akalirudia. Mimi nilikuwa naeleza huku nalia, depo ya chumvi, magunia, ahadi. Alipomaliza kufunga akaondoa kitambaa mdomoni.

"Ulijua tangu lini?"

"Mbele ya mvua."

"Na juu ya nini ulinyamaza?"

"Alisema utaumia. Tulikuonea huruma, Mama."

Akaniangalia. Mwanangu, nimekemewa na mama yangu, na mume wangu, na wakubwa wa serikali. Hakuna aliyenikemea kama yeye, na hakupandisha sauti.

"Huruma ya ninyi wawili, mi njo niliibeba," alisema. "Kila jioni namuzika mutoto wangu pale mulangoni. Asubuhi namufufua, juu dereva mwingine anaweza kuja. Na we unaniletea chai, unaniangalia. Habari mbaya ningeilia, ningeimaliza. Hii ya kunyamaza mutu anaimaliza wapi? Usinionee huruma hivyo tena. Uniambie." Kisha akasema nimletee viatu.

Tukaenda kwa miguu. Alikuwa hajala siku kadhaa, akaniegemea njia nzima, na alikuwa mwepesi kama mtoto. Kwenye bariyeri ndogo ya mpakani askari aliyemfahamu akasimama kwa heshima, akamuuliza leo Mama Kiriti anavuka, anakwenda kwa nani.

"Kwa Kiriti," akajibu.

Askari akacheka, akidhani ni mzaha, akainua mti.

Kiriti alikuwa ameinama kwenye gunia. Alipomwona mama yake alilishikilia gunia lile, hakuliweka wala hakulibeba, amesimama nalo tu. Akaanza kuongea kwa lugha yao, haraka haraka, na sikuelewa neno ila uso wake. Baadaye aliniambia alikuwa anasema sikutaka ulie, Mama, sikutaka ulie. Mama Kiriti akamsogelea. Alimpangusa chumvi shingoni na pembe ya shali. Kisha akaangalia jua, lilikuwa bado liko juu ya ziwa, akamuuliza kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie:

"Umekula?"

Hakuwa amekula. Mama Kiriti akanunua ndizi kwa mwanamke wa kando ya njia, akawa anamenya na kumpa, anamenya na kumpa, pale mbele ya wabeba mizigo waliokuwa wanawaangalia. Yeye mwenyewe alikuwa amefunga. Hakuonja.

Siku ya mwisho ya sikukuu ile wana desturi ya kuombana msamaha. Alinikuta jikoni nimechutama naosha sufuria, mimi msichana wa kazi, akakutanisha viganja na kuniinamia. Akasema kama aliniumiza kwa kujua ama kwa kutojua, kwa mdomo ama kwa moyo, nimsamehe. Nikamwambia ndiyo, Mama. Nilitaka kumwomba na mimi, lakini alikuwa ameshatoka kwenda kumwomba mlinzi.

Haikupita muda wakafunga duka. Ndugu zake India walimtaka arudi na mwanawe. Siku ya safari alinipa furushi la hariri nilishike mpaka gari lije, nikalishika kifuani. Akaingia, akalipokea dirishani. Akasema watatuma habari.

Hazikuja. Labda zilitumwa zikapotea, labda waliona msichana wa Bugeshi hajui kusoma. Labda ilikuwa habari mbaya na wakanionea huruma. Kwa muda mrefu nilikuwa nikisikia lori la mizigo linapunguza mwendo, natoka nje. Alikuwa mwajiri wangu tu, utasema. Sawa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa watu wake wote siku ile mkekani, na tangu hapo sijawahi kuwa mtu wa lazima namna hiyo kwa yeyote.

Sasa ni zamu yangu. Mume wangu amekufa. Binti yangu yuko Goma, na mpaka unapofungwa ni kama yuko nchi ya mwezi. Mjukuu wangu mkubwa, yule aliyekuwa akinipigia kila Jumapili kutoka Kampala, hapigi. Nilisikia kwa mwanamke anayeuza sambaza, vile vidagaa vya ziwani, kwamba kazi imemwishia, na amewaambia nduguze wote, msimwambie Nyogokuru, yaani bibi yenu, ataumia. Wote wanajua. Wanakuja hapa, wanakunywa chai yangu, wananiuliza magoti yanaendeleaje, na wananiangalia vile nilivyomwangalia Mama Kiriti. Nimewaacha waendelee kwanza. Leo nasema.

Wewe unayesoma haya, popote ulipo, hata kama si wangu. Usinifiche kwa kunipenda. Kama kazi imekwisha, sema imekwisha. Kama umeugua, sema unaumwa wapi. Kama umefungwa, tuma mtu. Kama huna la kusema, piga tu useme bado niko, nifunge mlango nilale. Mzee aliyekuzaa ama kukulea ameshaona mengi, na atalia, ndiyo, mwache alie. Machozi ya jambo linalojulikana yana mwisho. Usimfanye akae mlangoni akulilie wewe uliye hai. Na kama ni wewe unayejua siri ya namna hiyo juu ya mwingine, usijisifu kwamba umeitunza. Nenda ukaseme leo, kabla ya chakula cha jioni.

Mungu akupe ujasiri wa kurudi nyumbani ukiwa mtupu. Akupe mtu wa kukuuliza kama umekula. Na pale aibu itakapokuziba mdomo, aufungue yeye mwenyewe, useme neno moja tu, sisi tulio hapa tukusikie. Amina.